Kuna mwanamke Uingereza anamwita mume wangu "my lover"

Shangazi, shikamoo.

Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta. Mara ya kwanza niliandika kwa hasira, ya pili nikaona aibu, na hii ya tatu naandika usiku watoto wamelala, kwa hiyo ikiwa ndefu univumilie.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga. Nafundisha Kiingereza na Historia, huu ni mwaka wa tisa. Nina miaka 12 kwenye ndoa, ndoa ya kanisani, na Mungu ametupa watoto wawili. Agosti 2024 mume wangu aliondoka kwenda Bristol, Uingereza, kufanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Wenyewe wanaiita kea, sisi huku tunasema anabeba boksi. Tangu mwanzo tulijua mimi na watoto hatutamfuata, maana sheria yao ilibadilika Machi mwaka huohuo: aliyekwenda kwa viza ya kutunza wazee hakuruhusiwa tena kuchukua mke wala watoto. Tukapiga hesabu, tukakopa, tukasema miaka mitatu si mingi.

Nisimseme vibaya, amejitahidi. Ada inakuja. Nyumba tunayojenga Kange imefika kwenye linta. Na kila akitoka zamu ya mchana hunipigia video akiwa anajiandaa kwenda kituo cha basi. Yeye anatoka saa mbili usiku, na kipindi chao cha baridi hapa kwetu inakuwa saa tano. Mimi nasahihisha madaftari, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Hiyo ndiyo ndoa yangu kwa sasa, Shangazi: dakika ishirini na kopo la sukari.

Januari, siku ya Alhamisi, alipiga akiwa bado ndani anavaa koti. Simu alikuwa ameilaza mahali, naona dari tu na taa. Nikasikia mlango unafunguliwa, halafu sauti ya mwanamke ikasema, kawaida kabisa kama mtu anayeaga: "Night, my lover. See you tomorrow." Yaani usiku mwema mpenzi wangu, tuonane kesho. Mume wangu akacheka kidogo, akamjibu, akachukua simu, akaendelea kuniuliza habari za fundi wa mabati. Kama hakuna kilichotokea.

Nikakata. Akapiga, nikakata. Mara ya nne nikapokea, nikamuuliza huyo ni nani. Kwanza alishangaa, halafu akacheka tena, na hicho kicheko cha pili ndicho kilichonichoma. Akasema, "Mama watoto, huku watu wote wanaongea hivyo. Hata dereva wa basi." Nikamwambia asinifanye mjinga. Kiingereza ndicho kinachonilisha. Usiku uleule nilifungua kamusi ninayotumia darasani, na maana ya kwanza ya lover ni mtu unayeshiriki naye mapenzi bila kuoana. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu wanalijua neno hilo bila kufundishwa.

Wifi yangu nilimweleza, akasema wanaume ni walewale, Ulaya haiwabadilishi. Mwalimu mwenzangu kaniambia nidai paswedi ya simu yake, akikataa nimpe tarehe ya kurudi. Mama yangu mzazi, ambaye Kiingereza hajui hata neno, aliniuliza swali moja tu: "Huyo mwanamke alijua kama upo kwenye simu?" Sikuwa na jibu.

Halafu wiki mbili baadaye, asubuhi nikiwa naandaa uji, ikaingia meseji: "Umeamkaje my lover."

Miaka yote hii ananiita Mama watoto. Zamani tukiwa wachumba aliniita Nyonda, yaani mpenzi, neno alilolipata kwa bibi yake wa Pangani. Sijalisikia tangu mtoto wa pili azaliwe. Leo naitwa my lover, neno lililotoka kwenye mdomo wa mwanamke mwingine. Sijui ananitania, ananiomba radhi au ananizoesha. Sikujibu. Tiki zimegeuka bluu, anajua nimesoma.

Naomba uniambie: kweli kuna Waingereza wanaoongea hivyo? Na kama wapo, nina haki ya kumwambia awakataze? Au nimpelekee mshenga wetu? Sitaki kuvunja nyumba kwa neno moja. Wala sitaki kuwa yule mke anayecheka na watu huku anaibiwa.

Mke wa kopo la sukari,
Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeweka miwani chini, maana nilikuwa nasikia zaidi kuliko ninavyosoma.

Nikikuelewa vizuri, umesikia neno moja kutoka kwa mtu usiyemwona, mume akalichukulia jepesi, wewe likakulemea, na tangu siku hiyo kila mtu uliyemweleza amekuongezea lake. Sasa yamefungana mambo mawili: la Kiingereza na la nyumba yenu. Nitaanza na la Kiingereza, kwa sababu wewe ni mwalimu, na najua nisipolimaliza hilo hutanisikiliza kwenye la pili.

Kuhusu lugha, mumeo hakukudanganya. Bristol na mikoa ya kusini magharibi mwa Uingereza, Somerset, Devon mpaka Cornwall, wana desturi hiyo ya kumwita mtu yeyote "my lover". Wenyewe wanalitamka kwa uzito wao, na wakiamua kuliandika kwa lafudhi wanaandika "luvver". Muuza mikate anamwita hivyo kijana aliyekuja kununua mkate. Bibi anamwita hivyo mtoto wa jirani. "Alright, my luvver?" kwao ni kama mambo vipi, na imechapwa kwenye vikombe wanavyouziwa watalii. Anayesema hafikirii kitanda, na anayeitwa hageuki nyuma kuona mkewe yuko wapi.

Na hao ni wa upande huo mmoja tu wa nchi. Ukienda Derby, Nottingham au Stoke utaitwa "duck", yaani bata, na utasikia mwanaume mzima anamwita mwanaume mwenzake bata bila ugomvi. Glasgow, kule Scotland, mwanamke anaitwa "hen", kuku jike. Newcastle ni "pet", neno lilelile la mnyama wa kufugwa nyumbani. Yorkshire dereva wa basi anaweza kumwambia abiria mwenye ndevu "love", akampa chenji yake na safari ikaendelea. Cornwall mumeo angeweza kuitwa "my handsome", na hapo sijui ungeniandikia barua ya kurasa ngapi.

Kamusi yako nayo haijakosea. Imekuandikia Kiingereza cha mitihani, cha watu wote, na humo maana hiyo ndiyo ya kwanza. Ila neno lenyewe lina umri mrefu kuliko maana hiyo uliyoisoma usiku. Limo kwenye Kiingereza tangu miaka ya 1200, na limejengwa kama letu: wao wamechukua love wakapachika kiambishi cha mtenda, sisi tumechukua penda tukapata mpenzi. Mtu apendaye, basi. Kwa karne nyingi lilibeba mambo mawili kwa pamoja, mchumba au hawara upande mmoja, na upande wa pili rafiki, mtu anayekutakia mema. Umesema umefunga ndoa kanisani, kwa hiyo chukua ile Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, fungua Wafalme wa Kwanza 5:1. Hiramu mfalme wa Tiro anaitwa humo "lover" wa Daudi. Ni mfalme aliyempenda mfalme mwenzake, akampa mwanawe mierezi ya kujengea hekalu. Zaburi ya 38 mtunzi analalamika kwamba "lovers" wake na rafiki zake wamesimama mbali na pigo lake, anawataja pamoja kama watu wa kundi moja.

Na kwa kuwa unafundisha, Shakespeare huna haja ya kutambulishwa. Brutus ameshamuua Kaisari, anasimama mbele ya umati wa Roma kujieleza, anawaita Warumi, wananchi wenzake, na "lovers". Hakuwa anatongoza soko zima. Tamthilia hiyo, Julius Caesar, ndiyo Mwalimu Nyerere aliyoitafsiri, ikatoka 1963, akairudia tena ikatoka 1969, na napenda kumfikiria Mwalimu, Ikulu usiku, amefika kwenye neno hilo na kalamu imesimama. Baadaye Kiingereza cha shule kikaliachia neno hili chumba cha kulala peke yake. Watu wa magharibi wakaendelea kuitana kwa namna iliyo karibu zaidi na ile ya urafiki. Ni watu wa namna yao, hao. Hata mji wao zamani uliitwa Brycgstow, mahali penye daraja, na hiyo l ya mwisho ya Bristol inasemekana imetokana na lafudhi yao ya kupachika l kwenye miisho ya maneno.

Sasa geuza kidogo. Wewe mwenyewe unaitwa mpenzi kila siku na wanaume usiowajua. Fungua redio: "Mpenzi msikilizaji, ni saa mbili kamili." Hakuna mume hata mmoja Tanga aliyewahi kwenda kituoni kudai maelezo. Waraka wa Tatu wa Yohana, mzee anamwandikia mwanaume mwenzake Gayo, anamwita mpenzi. Na vipi mabibi zetu? Bibi yangu mzaa mama alimwita kaka yangu "mume wangu" mpaka siku anaingia kaburini, na alikuwa akimnunia akichelewa kuja likizo. Hebu mfikirie msichana wa Bristol aliyeolewa na kijana wa Tanga, amesoma Kiswahili chuo kikuu kwa bidii, anasikia kwenye simu sauti ya mwanamke: "Mume wangu hujambo? Umenitupa siku hizi, mke mwenzangu amekuroga?" Anafungua kamusi. Mume: mwanamume aliyeoa. Anakaa chini. Utamwelezea kwa dakika ngapi utani wa bibi na mjukuu, na atakuamini?

Mimi mwenyewe niliwahi kwenda Muscat kumtembelea binti wa kaka yangu. Soko la Mutrah, muuza vitambaa alimwita mpwa wangu "habibi" mara nyingi mpaka nikaanza kumwangalia vibaya. Mwisho wa siku habibi alilipa bei ileile ya kila mtu.

Nimeliweka hilo refu makusudi. Lakini mwanangu, usidhani nimefunga kesi. Nilichokuonyesha ni kwamba neno halina hatia. Mume ni jambo lingine. Neno ambalo watu wa mji mzima wanaambiana haliwezi kuwa shahidi wa upande wowote, haliwezi kumtia hatiani wala kumtoa. Na hukohuko Bristol, mtu mwenye nia yake anaweza kulisema hilohilo kwa jicho na kwa kukokota sauti, likawa jambo jingine kabisa. Sauti uliyoisikia ilikuwa, kwa maneno yako, "kawaida kabisa kama mtu anayeaga". Hayo umeandika wewe ukiwa na hasira, na sijui kama uliyasikia ulipoyaandika.

Ninachotaka ukitazame ni ile picha. Uliona dari na taa. Mwanamke hukumwona, lakini nina hakika unaye kichwani, ana umri, ana nywele, pengine hata viatu umeshamvalisha. Hiyo ni nyumba ya wazee, na wakazi wengi wa nyumba za namna hiyo ni wanawake. Aliyefungua mlango anaweza kuwa bibi wa miaka 86 anayesukuma kigari chake cha kutembelea, ambaye asubuhi mumeo ndiye humvalisha soksi. Anaweza kuwa mpishi. Anaweza kuwa dada wa miaka 30 wa zamu ya usiku. Sisemi ni bibi ili nikupoze, maana sijui. Nasema tangu Januari unagombana na picha uliyoichora mwenyewe, na mumeo hajawahi kuiona ili ajitetee. Mama yako aliliona hilo mapema kuliko mimi, kwa Kiingereza chake cha sifuri. Na katika barua yote, hakuna mahali ulipoandika kwamba mumeo alikujibu lile swali la "huyo ni nani". Umeandika alivyocheka. Je, alijibu ukawa husikii tena, au hakujibu? Kuna tofauti kubwa hapo, na mimi nikiwa huku siwezi kukusaidia.

Halafu kicheko. Kwako kilisema "nimekudharau". Inawezekana. Inawezekana pia kilikuwa cha mtu aliyeshtuka, au cha mtu ambaye wiki ya kwanza alishangaa kama wewe, akazoea, akasahau kwamba aliwahi kushangaa. Hapa nitasema jambo la kukugusa kidogo, unisamehe. Sehemu ya maumivu yako, naona, ni ya mwalimu. Kiingereza kilikuwa chako ndani ya nyumba hiyo. Wewe ndiye uliyejua, bila shaka hata zile fomu za viza ulizipitia wewe. Leo yeye anarudi na Kiingereza usichokijua, amekiokota kwenye basi, na anakwambia wewe ndiye huelewi. Hilo linauma hata kama hakuna mwanamke yeyote mlangoni.

Kuhusu haki ya kumwambia awakataze. Kuchukizwa kwako si ushamba. Uingereza kwenyewe watu wanabishana juu ya majina haya, wapo wanawake wasiotaka kabisa kuitwa "love" na mtu wasiyemjua, hasa kazini. Kwa hiyo akiwaambia wafanyakazi wenzake kwa upole kwamba angependa aitwe jina lake, si kituko. Lakini mzee aliyepoteza kumbukumbu utamkatazaje? Leo atakubali, kesho atamwita tena, na keshokutwa hatakumbuka hata mumeo ni nani. Tena kumbuka viza yake imefungwa kwa mwajiri huyo. Kazi ikiharibika kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mwajiri mwingine mwenye kibali au kuondoka. Simaanishi atafukuzwa kwa kukataa jina. Namaanisha ni mtu anayepima kila neno kazini, na wewe ukimwongezea la kupima, uwe umeona lina uzito huo.

Paswedi. Wengi wameniandikia baada ya kuipata. Waliokuta kitu waliumia, waliokosa walisema "ameshafuta". Sikukatazi, nakuuliza tu: ukiikuta simu nyeupe kabisa, utalala? Kama jibu ni hapana, basi unachotafuta hakimo kwenye simu.

Tarehe ya kurudi ni jambo zito zaidi, na sipendi lije kwa mlango wa neno hili. Kama umbali wenyewe umekushinda, kama dakika ishirini hazikutoshi tena, hiyo ni hoja halali na unaweza kuisema kwa jina lake, mkakaa na hesabu ya deni na ya linta mkaona. Akirudi kwa sababu ya "my lover", mtakuwa na mume nyumbani, nyumba isiyo na mabati, na swali lilelile.

Mshenga na wazee wana kazi yao, sitawadharau. Tatizo ni kwamba jambo likifika mikononi mwao linakuwa kesi, na kesi inataka mshtaki na mshtakiwa. Utawaelezaje Bristol wazee wa Tanga? Watasikia "mwanamke wa Kizungu kamwita mpenzi" na hapo kikao kimeisha. Tena wifi ameshajua, kwa hiyo nadhani mama mkwe naye ameshajua, ila anasubiri useme. Kama mtazungumza ninyi wawili mkakwama, mlango huo bado upo.

Na kunyamaza, ambako ndiko uliko sasa, nako ni uamuzi wenye gharama. Yeye anaziona tiki za bluu kila siku.

Nirudi kwenye sentensi uliyoipitia haraka kuliko zote: kwamba zamani alikuita Nyonda, na hujalisikia jina hilo tangu mtoto wa pili. Ulipoandika hapo sikuona hasira. Neno la pwani, la mashairi, aliloazima kwa bibi yake akakuletea wewe. Likaenda wapi? Hakuna mtu aliyelifukuza. Watoto walikuja, ukawa Mama watoto, jina la heshima na la kazi. Najiuliza kama lile la Bristol lingekuuma namna hii lingekukuta bado unaitwa Nyonda. Najiuliza tu. Pengine lingekuuma vilevile.

Na yeye je? Barua nzima umemwita mume wangu, kama ilivyo adabu ukimwandikia mtu mzima. Lakini ukiwa naye, dakika zile ishirini, unamwitaje? Mwanaume anayesimama kwa muda wa saa 12 akiogesha na kulisha wazazi wa watu wengine, akaambiwa na yeyote yule neno lenye joto wakati anavaa koti, huenda alilifurahia. Kufurahia huko si uzinzi. Lakini si kitu cha kupuuza pia, kwake wala kwako, na ukimuuliza uwe tayari kusikia kwamba ndiyo, alilifurahia.

Ukiniuliza ungeanzia wapi, ningeacha kwanza "huyo ni nani", kwa sababu umeshaliuliza na sasa lina harufu ya polisi. Ningemuuliza: siku ya kwanza kuitwa hivyo, ilikuwa wapi, na ulijisikiaje? Hapo inabidi asimulie, na masimulizi yana watu ndani, wana majina, wana umri. Mle utapata habari nyingi bila kupekua, na utamsikia pia mahali anaporuka. Halafu kuna jambo analolijua vizuri kuliko mimi na wewe. Kwenye kazi yake ya kutunza wazee wanafundishwa kumuuliza kila mzee anapenda kuitwaje, kwa sababu wapo wanaojisikia wamegeuzwa watoto wakiitwa "darling" na kijana wa juzi. Wazee wa watu anawauliza. Unaweza kumkumbusha kwamba wewe hajakuuliza tangu mtoto wa pili.

Usilifanye hilo saa tano usiku, yeye ametoka zamu na wewe una madaftari arobaini mbele yako. Tafuta siku yake ya mapumziko, mchana, watoto wakiwa kwa bibi yao, bando liwe la kutosha. Na mwombe aishike simu mkononi, umwone uso.

Ile meseji ya asubuhi siwezi kukutafsiria. Inaweza kuwa dhihaka. Inaweza kuwa radhi ya mtu asiyejua kuomba radhi. Inaweza kuwa anakuingiza kwenye mji wake mpya kwa mlango pekee aliouona wazi, akasahau kwamba ndio uliokubana kidole. Maandishi hayana sauti. Mwambie alisome mwenyewe, kwa mdomo wake, umsikilize. Ukishamsikia, kama una nafasi, niandikie tena.

Shangazi